Solo yangu ya kwanza kwenda Mafia: nilimkatalia shangazi yangu kiti cha ndege mbele ya watu wa Miburani

Wakuu, amani iwe kwenu. Wenye shikamoo zao pokeeni, wa rika langu mambo vipi.

Mimi humu ni msomaji wa kimya wa siku nyingi. Juzi nikakuta uzi wa kijana anauliza, "nataka kujifunza kurusha ndege ndogo, nianzie wapi?" Akajibiwa na watu ambao ndege wameiona kwa chini tu. Mmoja kamwambia lazima uwe umesoma nje. Mwingine kamwambia ukivaa miwani basi sahau. Nikacheka peke yangu, halafu nikaona si uungwana kunyamaza.

Kwa hiyo leo naandika. Haya yamenipata mwenyewe na chai hamna. Mama yangu humu hayumo, sina wa kumpambia.

Nijitambulishe kidogo. Ni mwanamke, mzaliwa wa Mafia, Miburani, pale jirani na Kilindoni. Nyumbani wananiita Sada. Kujifunza kurusha ndege nimejifunzia Dar, kwa ajili ya leseni ya rubani binafsi, wenyewe wanaiita PPL.

PPL siyo leseni ya kubeba abiria kwa nauli. Ni leseni ya kurusha ndege ndogo kwa mambo yako, na ukitaka unampakia mama yako au rafiki yako bila kumtoza kitu.

Ila kabla ya hiyo PPL unakuwa na leseni ya mwanafunzi. Hiyo inakuruhusu kuruka na mwalimu, au kuruka peke yako siku mwalimu akikuidhinisha. Na peke yako ni peke yako kweli, wakuu. Hata paka humpakii.

Hapo pashikeni vizuri, maana kisa chote kiko hapo.

Kwanza nimjibu yule kijana mambo mawili matatu, nisije nikanogewa nikasahau.

Mdogo wangu, kitu cha kwanza ni daktari. Nenda kapime afya kwa daktari anayetambulika kwa marubani KABLA hujatoa ada yoyote. Nimewaona watu wamelipa, wameshona na sare, halafu wanaambiwa moyo wao una shida. Na miwani haikuzuii, mradi ukiivaa unaona sawasawa. Mwalimu wangu mwenyewe anavaa miwani kama chini ya chupa.

Cha pili, redio. Watu wanaogopa kutua, mimi nilikuwa naogopa kuongea. Ukibonyeza kile kitufe ulimi unakuwa mzito, na unajua marubani wote walioko hewani wanakusikia unavyojiumauma. Dawa yake ni kuongea peke yako nyumbani. Mimi nilikuwa naosha vyombo huku naomba ruhusa ya kutua. Mama mwenye nyumba wangu akaja kuniuliza kwa upole kama nimeshaonana na sheikh anisomee.

Cha tatu, ukiona kutua hakukai vizuri, ongeza nguvu za injini upande tena juu, uzunguke uje upya. Hiyo ndiyo go-around. Hakuna aliyekufa kwa aibu ya go-around. Wanaoumia ni wale wanaolazimisha.

Haya, turudi kwenye kisa.

Ili upate PPL lazima ufanye safari ya peke yako kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine, yaani solo cross-country. Unapanga njia mwenyewe, unapiga hesabu ya mafuta na upepo mwenyewe, unakwenda, unatua, unarudi. Mwalimu anabaki chini anakunywa kahawa na kujifanya hana wasiwasi.

Siku mwalimu wangu, naye nitamwita Kapteni tu, aliponiambia safari yangu itakuwa Mafia, nilitaka kupiga vigelegele pale pale ofisini. Mafia! Mimi niliyekuwa nikisikia mlio wa ndege darasani natoka mbio kwenda kuitazama, leo niishushe mwenyewe Kilindoni!

Nikampigia mama. Hapa sasa sikilizeni mazungumzo yalivyokuwa, maana mtu wa bara anaweza asione kosa liko wapi.

Mama akauliza, "Hiyo ndege ina viti vingapi?"

Nikamwambia, "Vinne, mama."

"Na nyie mnakuja wangapi?"

"Nakuja peke yangu."

Akasema, "Alhamdulillahi," kwa sauti ya mtu aliyeondokewa na mzigo.

Mimi nikajua anamshukuru Mungu kwa hatua niliyofikia. Machozi yakanilengalenga. Nikakata simu nina furaha zangu.

Wakuu, mimi ni mtoto wa kisiwa. Nilipaswa kujua. Kwetu gari likitoka Kilindoni kwenda Bweni na kiti kitupu, dereva atasemwa mwezi mzima. Kiti kitupu kina mwenyewe, ni vile tu hajafika. Na kinapokuwa chombo cha mtoto wako, huombi nafasi. Unagawa.

Siku ya safari ilikuwa kipindi cha kusi. Mbingu safi, lakini upepo una nguvu. Boti ya Nyamisati, ile inayotuvusha kati ya Mafia na bara, ilikuwa imezuiwa kutoka kwa sababu bahari imechafuka. Kwangu mimi upepo ule haukuwa tatizo, kwa sababu pale Kilindoni ungenijia usoni wakati wa kutua, na ndege inapenda hivyo.

Nikaruka Dar nikafuata pwani kwenda kusini. Kisiju ikapita, nikaviona visiwa vya Kwale na Koma, halafu delta ya Rufiji ikaanza na mikoko yake. Hapo ndipo unapoiacha nchi kavu na kukata maji kuelekea Mafia.

Nisiwadanganye, pale moyo ulidunda. Injini ni ile ile, mlio ni ule ule, lakini ukishaona maji kushoto na kulia unaanza kuisikiliza injini kama mama anayemsikiliza mtoto mwenye homa. Nilikuwa nimevaa boya langu la kuokolea. Nikajiongelesha kwa sauti, nikasoma checklist, ile orodha ya ukaguzi, kwa sauti, nikaimba kidogo.

Halafu Mafia ikatokea. Bweni kule kushoto na mnara wake wa taa, minazi, fukwe nyeupe. Jamani! Mtu usijidai mgumu. Nililia huku nacheka, peke yangu, hakuna wa kuniona.

Nikatua. Na nilitua vizuri, wacha nijisifu, hata tairi halikulia. Mwongoza ndege wa pale uwanjani akaniambia kwenye redio, "Karibu nyumbani, kapteni." Mimi hata leseni kamili sina, tayari naitwa kapteni!

Nikaegesha, nikazima injini, nikafunga kila kitu. Nikatoka na kichwa kikubwa kama boga.

Kutazama kule kwenye jengo la abiria, naona watu. Miburani nzima, au karibu.

Kina mama na kanga zao. Jirani yetu mmoja, mzee mwenye bucha, na gunia la nazi. Mama yangu mbele kabisa kavaa baibui lake la harusini. Vigelegele vikapigwa mpaka mlinzi akajisahau naye akapiga makofi. Wakanikumbatia, wakanisukumasukuma, mmoja ananishika mkono ananiuliza kama kule juu kuna baridi.

Nikawa nasema moyoni, ewe Mola, kama ni ndoto usiniamshe.

Ndipo nikamwona Shangazi Hawa.

Shangazi Hawa ni dada wa marehemu baba yangu. Baba alipofariki nilikuwa mdogo, na huyu ndiye aliyenilea bega kwa bega na mama. Analima mwani. Na niliposema nataka kurusha ndege, ukoo ukaguna, ndiye aliyesimama akasema, "Mwacheni, kwani ataruka na mabawa yenu?" Ukoo ukanyamaza.

Shangazi alikuwa kakaa kwenye benchi. Gauni jipya, mtandio umepigwa pasi, begi miguuni, tasbihi mkononi, midomo inacheza. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikambusu mkono. Mkono wa baridi.

Nikauliza, "Shangazi, unasafiri?"

Mama akajibu yeye. "Si anakwenda na weye! Kesho ana miadi yake ya jicho hospitali huko Dar, na boti haitoki. Mungu mwema, kakuleta na viti vitatu."

Wakuu, nikalitazama lile begi miguuni pake.

Lile jicho la shangazi nalijua. Mtoto wa jicho, amemsumbua muda mrefu, mpaka mwani anauchambua kwa kupapasa. Ile nafasi ya upasuaji aliisubiri sana, na alikuwa ameambiwa asipofika anarudi mwisho wa foleni. Zile ndege ndogo za abiria zilikuwa zimejaa. Boti ndiyo hiyo, imezuiwa. Na hapo nje imeegeshwa ndege yenye viti vitupu, inayokwenda Dar, na ufunguo wake niko nao mimi mfukoni.

Nikasema, "Mama, mimi bado ni mwanafunzi. Siruhusiwi kupakia mtu."

Mama akacheka. "Mtu gani? Huyu ni shangazi yako."

Yule jirani wa gunia la nazi akaja karibu akaninong'oneza kwa kunisaidia, "Wewe mpakie tu. Ukifika Dar mteremshe taratibu, nani atahesabu?" Halafu akaongeza, "Na hili gunia liweke pale nyuma, la mwanangu Temeke."

Mnacheka? Mimi sikucheka. Kwa sababu niwaambie ukweli wa moyo wangu, pale nilitamani kumpakia.

Nilianza kujitafutia sababu. Safari yenyewe haifiki hata saa moja. Upepo mzuri, mbingu safi, nimetua vizuri kuliko siku zote. Shangazi mwenyewe mwembamba, hana uzito. Na jicho ni jicho. Nikipata leseni halafu shangazi amepofuka, nitamrusha nani aone nini?

Ndugu yangu unayesomea urubani, hii sauti ndiyo ya kuiogopa kuliko dhoruba. Haiji na ubaya. Inakuja imebeba mtu unayempenda.

Nikaomba dakika, nikasogea pembeni. Ilikuwa lazima nimpigie Kapteni simu kumwambia nimetua salama. Nikampigia. Nikamwambia nimefika, ndege nzima, kutua kuzuri. Akasema vizuri. Nikabaki kwenye simu.

Akauliza, "Kuna nini?"

Nikamwaga yote. Shangazi, jicho, boti, miadi, mama, baibui la harusini.

Akasema, "Sada, unaniuliza au unaniambia?"

Nikageuka kulitazama lile benchi.

Akasema, "Ukitaka nikukataze, nimekukataza, tena dakika hii. Lakini najua unachotaka. Unataka urudi pale ukawaambie Kapteni amekataa. Leo nipo. Siku utakapokuwa na leseni yako na watu watatu wamevaa wamependeza na wingu limekaa vibaya, utampigia nani? Mwambie mwenyewe." Akakata.

Nilimchukia, wakuu. Nilisimama pale nimeishika simu, nikamchukia mzee wa watu. Kwa sababu alikuwa amenishika pabaya. Hilo ndilo hasa nililolitaka.

Kwetu mtu mzima humkatalii usoni. Hujafunzwa hivyo. Utasema tutaangalia, utasema ngoja kwanza, utasema Mungu akijaalia, utazungukazunguka mpaka yeye mwenyewe aelewe akuondolee. Neno hapana kwa mkubwa wako linakaa mdomoni kama jiwe. Mimi katika maisha yangu Shangazi Hawa sijawahi kumwambia hapana, hata aliponituma kununua chumvi na mvua inanyesha.

Nikafikiria pia yale ambayo jirani wa nazi hakuyajua. Boya la kuokolea nilikuwa nalo moja, nimelivaa mimi. Ikitokea lolote kwenye yale maji, ningelivaa mimi au ningempa yeye? Mizani ya ndege nilikuwa nimeipigia hesabu ya mtu mmoja. Sijawahi kuruka na mtu asiyejua asishike nini. Akishtuka akaukamata usukani wa mbele yake, nitamfanyaje? Nimpige shangazi?

Na ikitokea hata kosa dogo tu pale Dar, leseni imekwenda, ndoto imekwenda, na pengine na watu wamekwenda.

Nikarudi. Nikachuchumaa mbele ya lile benchi ili uso wangu uwe chini ya wake.

Nikasema, "Shangazi, hapana. Sikupakii leo. Hakuna aliyenikataza, nimekataa mie. Sijawa tayari kukubeba wewe juu ya maji. Nisamehe."

Nikasikia bendera inapigapiga pale juu ya mlingoti.

Shangazi akanitazama na lile jicho zima. Akasema, "Basi." Akanyanyuka, akachukua begi lake, akaondoka. Haraka haraka, hata kwaheri hakusema. Mwanamke wa umri ule, anatembea kama anayewahi ngalawa inayotweka. Hakugeuka.

Mama akaniambia kwa sauti ya chini, na mama yangu akishusha sauti ujue mambo yameharibika, "Umenitia aibu, Sada. Mbele za watu."

Nikamwambia, "Najua, mama."

Watu wakaanza kutawanyika mmoja mmoja. Gunia la nazi likaburuzwa kurudi lilikotoka. Ubwabwa ulikuwa umepikwa nyumbani lakini sikuwa na muda wa kwenda kuula, na nadhani hamu ya kunilisha nayo ilikuwa imekwisha. Mama alinisukumia tu mkate wa kumimina umefungwa kwenye karatasi, uso kautazamisha pembeni. Hata akikasirika, njaa yangu hawezi kuivumilia.

Nikaizunguka ndege yangu, nikapima mafuta, nikatazama kila bawaba. Na hapa kuna ushauri mwingine. Kabla hujawasha injini jiulize kama umekaa sawa kichwani. Nilikaa mle ndani nimeshika mkate wangu mpaka pumzi iliporudi mahali pake. Ningekuwa bado natetemeka ningelala Mafia, liwalo na liwe.

Nikaruka. Nikarudi Dar. Pale Dar nilivyokuja kutua ndege ikaruka kama chura, nikaongeza nguvu nikapanda tena, nikazunguka, nikatua mara ya pili. Kapteni alikuwa amesimama nje. Hakuuliza kitu. Alitazama viti vya nyuma, akanitazama mimi, akasema, "Nenda kale, upumzike."

Baada ya hapo ikawa kipindi kigumu.

Bahari ilitulia, boti ikatoka, shangazi akaja Dar kwa njia ya Nyamisati. Miadi ilikuwa imepita. Wakampa siku nyingine, si mbali sana, Mungu alisaidia, kulikuwa na mgonjwa aliyejitoa. Akafikia kwa mwanawe, Mbagala. Mimi nampigia, hapokei. Natuma salamu kwa huyo binamu, anajibu "kasema marahaba" basi. Nampigia mama, mama ananijibu kama anajibu karani wa kata.

Nilikuwa naenda darasani, nasoma hali ya hewa, nasoma sheria za anga, lakini moyoni kuna mwiba. Nilijua nimefanya sawa. Ila kufanya sawa hakukuzuii kulia usiku, hilo nalo mlijue.

Shangazi akafanyiwa upasuaji, ukaenda salama. Bandeji ilipotolewa nikasema sasa basi, akinifukuza anifukuze. Nikachukua machungwa na halua, nikaenda Mbagala.

Nikamkuta kakaa mkekani, miwani myeusi kama msanii. Nikamwamkia. Akaitikia. Nikaanza ile hotuba yangu ya kuomba radhi niliyoifanyia mazoezi njiani. Sikuifikisha mbali.

Akasema, "Sada, funga mlango. Kaa hapa. Nikwambie jambo, usinicheke."

Nikafunga mlango.

"Siku ile mie nilikuwa namwomba Mungu unikatae."

Nikafikiri sijasikia vizuri.

"Mama yako kanitangazia safari mtaa mzima bila kuniuliza. Asubuhi kaja na begi, keshalifunga mwenyewe. Nimwambieje wifi yangu? Halafu nikasema, nikikataa kupanda watu watasemaje? Watasema hata shangazi yake hamuamini. Weye mtoto uko angani unakuja, mie ndiye nikuvunje? Nikaona bora nife nimevaa vizuri."

Wakuu, nife nimevaa vizuri!

"Halafu ukaishusha ile ndege nikaiona. Kidude kile! Na lile feni lake moja pale mbele. Nikauliza, la akiba liko wapi? Wananicheka. Nikashika tasbihi. Nikasema ewe Mola, mtie huyu mtoto neno la kunikatalia, maana mie mwenyewe siliwezi."

Nikamuuliza, "Sasa mbona uliondoka vile? Hata kwaheri?"

"Niliogopa usije ukabadili mawazo! Ungeniita ningerudi. Ningefanyaje?"

"Na simu hupokei?"

"Nilijua utaniomba radhi, kisha utasema shangazi usijali, nitakupandisha siku nyingine. Na mie nitasema haya mwanangu. Ndiyo maana nikawa nainyamazia."

Nilicheka mpaka nikalala kwenye mkeka. Yeye anacheka kashika miwani isidondoke. Siku zote zile mimi nalia chumbani kwangu nadhani nimemvunja moyo, naye kajificha Mbagala anaikimbia simu yangu, kila mmoja anamwonea mwenzake haya. Mtu mmoja tu aliyesema wazi anachokitaka siku ile ni yule wa gunia la nazi.

Tulipotulia nikamwambia mtihani wangu wa mwisho uko karibu. Nikamuuliza, kwa heshima zote, "Basi shangazi, nikifaulu, nikapata leseni kamili, na boya lako nimekununulia, utapanda?"

Akavua miwani. Akanitazama na macho yote mawili, na lile jipya linang'aa kama shilingi.

Akasema, "Hapana, mwanangu."

Akaziba mdomo kwa mkono kama mtu aliyetukana. Halafu akautoa taratibu.

"He! Kumbe linatamkika."

Wakuu, mtihani nilifaulu. Mama ndiye aliyekuwa abiria wangu wa kwanza, na yeye alifumba macho tangu tunaanza kukimbia ardhini mpaka tulipotua, lakini mtaani anasimulia alivyoiona dunia kutoka juu. Mwacheni.

Kwa hiyo mdogo wangu uliyeuliza uanzie wapi, vitabu utafundishwa, kutua utafundishwa, redio utaizoea. Kukataa hakuna atakayekufundisha darasani. Lianze zoezi hilo nyumbani, kwa watu unaowapenda, kwenye mambo madogo, wakati ndege iko chini. Na usimtumie mwalimu wako kama ngao. Jina la rubani kwenye ndege ile ni lako.

Na mtu uliyemkatalia leo ukaona kanuna, usijihukumu haraka. Kaa naye umuulize. Huenda naye alikuwa kwenye benchi anakuombea.

Nimeongea mengi kwa mtu wa kimya. Wanafunzi wenzangu wa urubani, na nyie ambao mama zenu waliwahi kugawa viti vyenu bila kuwauliza, hebu semeni hapa chini iliwaendeaje. Na wanaotaka kuniuliza kama nina nafasi ya kwenda Mafia wikiendi hii, jibu ni hapana.